Jiko la Gesi ya Magunzi: Mwongozo Kamili wa Kulitengeneza na Kuliwasha Bila Moshi

Wanaojaribu kupikia mabaki ya shamba kwa jiko linaloyageuza kuwa gesi hukwama palepale. Moto unapanda vizuri dakika chache, kisha unazimika ghafla na jiko linaanza kufuka moshi mzito unaowasha macho. Lawama huenda kwa bati, kwa magunzi au kwa fundi.

Moshi ule ndio gesi iliyotakiwa kupikia. Magunzi yameshaizalisha, ila imepita juu bila kuungua. Ukilielewa hilo, kila hatua iliyo hapa chini utaiona ina sababu yake.

Jiko tunalolitengeneza hujazwa mara moja na huwashwa kwa juu. Moto unashuka taratibu ndani ya magunzi, joto linayavunja yatoe gesi, na gesi inapanda hadi karibu na mdomo wa jiko. Hapo inakutana na hewa nyingine iliyokwisha kupata joto, inaungua, na sufuria inapata moto. Chini panabaki mkaa.

Kwa hiyo kuna hewa mbili. Hewa ya chini huamua gesi itazalishwa kwa kasi gani. Hewa ya juu huiunguza gesi hiyo. Karibu matatizo yote ya jiko hili ni hewa hizi mbili kutolingana, au mabaki kuwa na maji.

## Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi ni vya jiko la sufuria ya lita 3 hadi 5. Vimehesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo usibadilishe kimoja peke yake.

- Bati jeusi la chuma, unene wa milimita 1, sentimita 49 kwa 30: silinda ya ndani
- Bati jeusi, unene wa milimita 0.5 hadi 0.8, sentimita 65 kwa 30: silinda ya nje
- Duara la bati la kipenyo cha sentimita 22: kitako
- Duara la bati la milimita 1, kipenyo cha sentimita 17: sakafu ya matundu
- Duara la bati la milimita 1, kipenyo cha sentimita 24.5: kifuniko
- Bati la sentimita 40 kwa 15: dohani fupi
- Bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 4, urefu wa sentimita 12
- Nondo nyembamba au vipande vitatu vya chuma bapa vya kushikilia sufuria
- Riveti za chuma, au kazi iende kwa mchomeleaji
- Udongo wa mfinyanzi na majivu yaliyochekechwa, kwa kuziba nyufa
- Mkasi wa bati, drili yenye biti za milimita 6 na 10, nyundo, rula, glavu nene za ngozi
- Debe la chuma lenye mfuniko unaobana, la kuzimia mkaa
- Mizani ya jikoni

Onyo kuhusu bati. Usitumie bati la kuezekea lililopakwa zinki. Likipata moto mkali hutoa mvuke wa zinki, na anayeuvuta hupata homa, kichefuchefu na maumivu ya kifua. Aluminiamu nayo haifai, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 660 na silinda ya ndani inaweza kukaribia au kupita hapo mkaa ukiwaka. Makopo ya rangi yanaweza kutumika kwa majaribio, lakini yachomwe kwanza nje, mbali na watu, mpaka rangi yote iishe.

## Hatua ya 1: Chagua mabaki yanayofaa

Anza na magunzi ya mahindi. Ni mazito kiasi, yanaacha nafasi ya hewa kupita, na majivu yake ni machache. Pia mifugo haiyahitaji kama inavyohitaji mabua, na udongo haupungukiwi sana yakiondolewa. Mabua na majani mengi yaachwe shambani yafunike ardhi. Kuyachoma yote ili kuokoa kuni ni kukopa rutuba ya msimu ujao.

Vifuu vya nazi vilivyovunjwa ni bora zaidi kwa joto, ila ni vigumu kuwasha. Mashina makavu ya mbaazi na ya pamba hufanya kazi vizuri yakikatwa vipande vifupi. Maganda ya karanga yanawaka vizuri lakini ni mepesi, hivyo jiko linaisha haraka.

Pumba za mpunga ndizo zinazowaangusha wengi. Hushikana kiasi kwamba hewa haipenyi kwa nguvu ya moto peke yake, na karibu moja ya tano ya uzito wake ni majivu ya silika, madini yaliyo kama mchanga. Zinahitaji feni ndogo ya kusukuma hewa kutoka chini. Maganda ya kahawa nayo hushikana hivyohivyo. Kwa jiko hili lisilo na feni, yaache yote mawili. Usiyachanganye na magunzi ukidhani yatasaidiana, kwa sababu pumba zitajaza nafasi za hewa na kuua moto.

## Hatua ya 2: Kausha, kisha pima

Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 15. Ukipita asilimia 20, jiko litakusumbua hata likitengenezwa na fundi bora.

Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula takriban megajuli 2.3 za joto, wakati kilo moja ya magunzi makavu ina megajuli 15 hadi 17 tu. Na hasara kubwa hata si hiyo. Mvuke unapanda pamoja na gesi, unaipoza na kuizimua, na gesi iliyopoa haishiki moto inapofika kwenye hewa ya juu. Inatoka kama moshi.

Vunja magunzi kwanza, kisha uyatandaze juani kwenye turubai, unene wa gunzi moja au mawili. Yageuze mara mbili kwa siku na uyafunike kabla umande haujashuka. Siku tatu hadi tano za jua kali kwa kawaida zinatosha, lakini usitegemee kuhesabu siku. Pima.

Chukua gramu 100 za vipande, vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena. Vikibaki gramu 87, unyevu ulikuwa asilimia 13. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu juu ya moto mdogo sana, akivigeuza bila kuviacha viungue.

Kipimo cha haraka: funga kilo moja kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uweke juani saa moja. Ukiona ukungu au matone ndani ya mfuko, bado.

Dalili ya mafanikio: gunzi linavunjika kwa mlio mkavu, halijikunji.

## Hatua ya 3: Kata na chekecha

Vipande viwe vya sentimita 2 hadi 3. Kipimo hiki kinatokana na upana wa silinda: kipande kisizidi moja ya tano ya kipenyo chake, na kipenyo chetu ni sentimita 15.

Vipande vikubwa huacha mapango. Moto hupata njia ya mkato, ukashuka upande mmoja hadi sakafuni wakati upande wa pili haujaguswa. Vumbi na makombo hufanya kinyume chake: huziba. Pitisha kila kitu kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 5 na utupe kinachopita kwenye mboji.

## Hatua ya 4: Tengeneza silinda ya ndani

Viringisha bati la 49 kwa 30, ncha zipandane sentimita 2, piga riveti. Utapata kipenyo cha sentimita 15.

Toboa mistari miwili ya matundu ya hewa ya juu. Mstari wa kwanza uwe sentimita 2 kutoka ukingo wa juu, wa pili sentimita 4. Kila mstari uwe na matundu 20 ya milimita 10, na ya mstari wa pili yakae katikati ya yale ya kwanza ili bati lisidhoofike.

Kwenye duara la sentimita 17, toboa matundu 30 ya milimita 6, yaliyosambaa sawasawa. Kunja ukingo sentimita 1 na uifunge sakafu hii ndani ya silinda, sentimita 5 kutoka chini. Chini yake panabaki chumba kidogo cha kupokea hewa.

Matundu 30 ya sakafu yana jumla ya takriban sentimita za mraba 8.5. Matundu 40 ya juu yana takriban 31. Njia ya hewa ya juu ni zaidi kidogo ya mara tatu na nusu ya ile ya chini, na ndivyo inavyotakiwa. Kosa la kawaida la mafundi ni kutoboa sakafu kama ya jiko la mkaa, matundu makubwa na mengi. Matokeo yake gesi inazalishwa nyingi kuliko hewa ya juu inavyoweza kuiunguza, na mkaa nao unaliwa kabla chakula hakijaiva.

## Hatua ya 5: Silinda ya nje na bomba la hewa ya chini

Viringisha bati la 65 kwa 30 upate kipenyo cha sentimita 20. Funga kitako chini, kibane kisipitishe hewa. Toboa matundu 12 ya kipenyo cha sentimita 2, kuzunguka silinda yote, sentimita 4 kutoka chini. Humo ndimo itakamoingia hewa ya juu. Itapanda katikati ya kuta mbili na kupata joto kabla ya kuikuta gesi.

Simamisha silinda ya ndani katikati. Weka vipande vitatu vya chuma vya upana wa sentimita 2.5 kati ya kuta ili isiyumbe.

Sasa toboa kuta zote mbili, katikati ya tundu ikiwa sentimita 2.5 kutoka kitako, na upitishe bomba hadi liingie sentimita 1 ndani ya chumba cha chini. Ziba pembeni mwa bomba na chini ya silinda ya ndani kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, nusu kwa nusu. Kwenye mdomo wa nje wa bomba tengeneza kilango cha bati kinachoteleza.

Usiruke kazi ya kuziba. Hewa ikiweza kupenya kutoka kati ya kuta kwenda chumba cha chini, kilango hakitakuwa na kazi, kwa kuwa utakifunga na moto utaendelea kama mwanzo.

Dalili ya mafanikio: vuta hewa kwa mdomo kwenye bomba huku mwenzako ameshikilia kijiti cha ubani kinachofuka karibu na matundu ya nje. Moshi usivutwe ndani kupitia matundu hayo.

## Hatua ya 6: Kifuniko na dohani

Katikati ya duara la sentimita 24.5 kata tundu la sentimita 8. Kunja ukingo wa nje uelekee chini, upana wake pungufu kidogo ya sentimita 2, ili kikalie silinda ya nje kama mfuniko wa sufuria. Kifuniko hiki kinafunga nafasi iliyo kati ya kuta, na hewa inalazimika kupita kwenye matundu ya ndani. Tundu lake linabana gesi na hewa zichanganyike kabla ya kupanda.

Viringisha bati la 40 kwa 15 upate dohani ya kipenyo cha sentimita 12, uifunge juu ya kifuniko. Dohani ndiyo inayovuta hewa. Ukiifupisha ili sufuria ikae chini, mvuto unapungua na moshi unarudi.

Vishikilizi vya sufuria viinuke sentimita 1.5 juu ya dohani. Mzunguko wa dohani ni karibu sentimita 38, hivyo nafasi hiyo inatoa sentimita za mraba 56 za kutokea moto, zaidi kidogo ya 50 za tundu la kifuniko. Ukiipunguza hadi sentimita 1 unakuwa umelikaba jiko shingoni.

Onyo: jiko hili ni refu na jembamba. Lizungushie matofali au ulifunge kwenye fremu ya chuma, na usiweke sufuria inayozidi lita 5.

## Hatua ya 7: Jaza

Ondoa kifuniko. Mimina vipande hadi sentimita 6 kutoka ukingo, yaani sentimita 2 chini ya mstari wa pili wa matundu. Gonga silinda mara chache kwa kiganja ili vikae, kisha sawazisha uso. Usivishindilie.

Jiko litapokea takriban gramu 600 hadi 800 za magunzi. Andika uzito uliotumia, na dakika lilizodumu. Kwa kawaida ni dakika 25 hadi 40. Baada ya mara tatu nne utajua chakula kipi kinahitaji kujazwa mara ngapi.

## Hatua ya 8: Washa kwa juu

Wanaofeli wengi hufelia hapa. Mazoea ya jiko la mkaa yanamtuma mtu kuweka moto chini. Ukiwasha chini, gesi yote inazalishwa kwa mpigo mmoja na inapita katika magunzi baridi ambayo hayawezi kuiunguza.

1. Fungua kilango cha bomba chote.
2. Tandaza juu ya magunzi safu ya sentimita 2 ya vijiti vyembamba vikavu au randa za mbao, ifunike uso mzima. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia au cha mafuta ya taa kikichanganywa na randa hizo kabla ya kuziweka kinasaidia. Petroli kamwe, na usimimine mafuta yoyote juu ya jiko lililokwisha kushika moto.
3. Washa sehemu tatu au nne za pembeni, si moja ya katikati.
4. Subiri dakika 2 hadi 5, bila kifuniko, mpaka uso wote uwake. Pakibaki pembe nyeusi, weka vijiti hapo.
5. Vaa glavu, weka kifuniko na dohani.

Namba 4 hapo juu ndiyo inayotaka subira. Kifuniko kikiwekwa wakati nusu ya uso haijashika, gesi ya upande uliolala itapita bila moto wa kuipokea.

Dalili ya mafanikio: ukichungulia kwa mbali kupitia dohani unaona vidole vya moto vikitokea kwenye matundu ya silinda ya ndani na kuelekea katikati. Juu ya dohani hakuna moshi, ila hewa inatetemeka kwa joto. Moto ni wa rangi ya chungwa wenye sehemu za samawati.

Mara ya kwanza liwashe bila sufuria. Mafuta ya kiwandani yaliyo kwenye bati jipya yatanuka na kutoa moshi wa muda mfupi.

## Hatua ya 9: Ongoza moto

Maji yakichemka, punguza kilango kidogo kidogo: robo, kisha subiri dakika 2. Moto hauitiki papo hapo. Ukifunga mno, gesi inakuwa haba, moto unakatika, na moshi unaanza.

Ukikatika, chukua hatua upesi, kwa sababu jiko linaendelea kutoa gesi. Ondoa sufuria, fungua kilango nusu, simama pembeni, udondoshe karatasi inayowaka kupitia dohani. Usiweke uso juu yake. Gesi iliyojikusanya hulipuka kwa mwako wa ghafla unaoweza kuunguza nyusi na ngozi.

Usiongeze magunzi katikati ya mapishi. Magunzi mapya juu ya mkaa wa moto hutoa moshi mwingi kuliko jiko linavyoweza kuunguza. Kwa maharage au makande, andaa jiko la pili lililojazwa tayari na uhamishe sufuria.

## Hatua ya 10: Zima na uvune mkaa

Moto ukigeuka kuwa mfupi na wa samawati tupu, gesi imeisha na sasa mkaa ndio unaoungua.

Onyo kubwa kuliko yote: wakati huu jiko linatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Pikia nje, au jikoni penye upenyo mkubwa wa hewa pande mbili. Usiliingize ndani ya nyumba ili kuota moto, hata kama halitoi moshi wowote.

Usiuache mkaa uungue ndani ya jiko kila siku, maana unakula sakafu na silinda ya ndani. Kwa glavu, mimina mkaa kwenye debe na ufunge mfuniko. Uache hadi kesho yake. Ukifunguliwa mapema unaweza kuwaka tena. Anayetumia maji ayanyunyize kidogo kidogo akiwa amesimama mbali na mvuke.

Pima mkaa. Ukipata asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa magunzi, jiko lilikwenda sawa. Ukipata chini ya hapo, hewa ya chini imezidi. Ukikuta vipande vya kahawia visivyoiva, moto ulishuka upande mmoja.

Mkaa huu unafaa kwa jiko la kawaida la mkaa. Ukitaka kuupeleka shambani, uchanganye kwanza na mboji au samadi wiki kadhaa. Ukitiwa ardhini mtupu unaweza kushikilia virutubisho ambavyo mmea ulivihitaji.

## Likigoma, tazama hapa

Moshi mweupe tangu mwanzo. Magunzi yana maji. Hakuna marekebisho ya bati yatakayosaidia.

Moshi wa manjano, moto ukiwa mkubwa. Gesi imezidi hewa ya juu. Punguza kilango. Tatizo likibaki, angalia kama matundu ya nje yamezibwa na matofali au majivu.

Moshi unatoka kwenye matundu ya chini ya silinda ya nje. Mvuto umegeuka. Sufuria imekaa chini mno, dohani ni fupi, au kuna upepo. Kinga upande wa upepo, lakini usilifunike jiko pande zote.

Moto unakatika kila dakika chache. Mara nyingi ni vipande visivyolingana. Chekecha upya.

Masizi meusi chini ya sufuria. Gesi haikuisha kuungua kabla ya kufika. Hakikisha kifuniko kinakaa vizuri na hakuna mwanya pembeni, kisha zungushia udongo.

## Je, gesi hii inaweza kuendesha jenereta?

Ya jiko hili, hapana. Ina lami nyingi inayoganda kwenye vali na pistoni, na injini itakufa ndani ya muda mfupi.

Mtambo wa injini hufuata njia nyingine: gesi huvutwa kushuka, ikapita katika mkaa wa nyuzi 800 hadi 1,000 unaoivunja lami, kisha ikapozwa na kuchujwa. Karibu nusu ya gesi hiyo ni naitrojeni, na monoksidi ya kaboni ni karibu moja ya tano. Mvujo mdogo ndani ya chumba unatosha kuua. Kazi hiyo ifanyike na fundi mwenye kifaa cha kupimia gesi hiyo, na mtambo ukae nje, chini ya paa lisilo na kuta.